Laravel Ndani ya Mfumo wa Zamani: Kazi Nzuri Utaijuaje

Mfumo ukijengwa kwa Laravel tangu msingi, hata fundi wa wastani huonekana hodari, maana fremuweki hii huria, iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011, imeshamwamulia mengi. Ufundi hujulikana inapoingizwa kwenye mfumo wa PHP wenye watu tayari: tuseme wa shule, wenye majedwali ya wanafunzi na ada, ambao mhasibu anaufungua kila asubuhi na hawezi kuambiwa asubiri. Usidanganywe na rangi mpya. Kazi hii hukaguliwa kama nguo ya fundi cherehani: igeuze, utazame mshono.

Anzia kwenye kivinjari. Ingia kupitia ukurasa wa zamani, kisha fungua uliohamishiwa Laravel. Ukiulizwa neno la siri tena, mshono umeachia. PHP tupu hutunza sesheni kwa njia yake, Laravel kwa yake, na hazisomani mpaka fundi azisomanishe. Halafu toka. Upande wa pili ukiendelea kukutambua, hilo ni baya zaidi, hasa kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na wengi.

Maneno ya siri ndiyo yanayonipa kipimo cha fundi. Mifumo mingi ya zamani iliyahifadhi kwa MD5, ambayo leo huvunjwa kwa urahisi. Mvivu huiacha ilivyo. Mwenye pupa huwalazimisha watumiaji wote waweke maneno mapya siku moja, na simu za malalamiko zimwangukie mwalimu mkuu. Fundi mzuri husubiri mtu aingie, akihakiki neno lake kwa njia ya zamani, analihifadhi upya kwa njia imara ya bcrypt bila mwenyewe kujua. Aliye bora zaidi hukumbuka kwamba wako wasiorudi kamwe. Basi siku ya kwanza huzipitisha alama zote za MD5 ndani ya bcrypt, asiache hata moja wazi.

Kwenye hifadhidata, tazama nani amemnyenyekea nani. Laravel hudhani jina la jedwali ni wingi wa Kiingereza: modeli ikiitwa Mwanafunzi, itatafuta jedwali la "mwanafunzis". Pia hutarajia safu za created_at na updated_at. Dawa ni mistari miwili ndani ya modeli: mmoja wa kutaja jina halisi, mwingine wa kuzima safu hizo. Anayebadilisha jina la jedwali ili kuiridhisha fremuweki amevunja kila ripoti ya zamani inayolisoma.

Sasa andika anwani ya tovuti ikifuatwa na /.env. Yakitokea maandishi ya faili la .env, simamisha malipo hapo hapo: faili hilo hubeba nywila ya hifadhidata, na kila mpita njia anaweza kulisoma. Kosa hili huzaliwa kwenye hosti za bei nafuu, mradi mzima unapomwagwa ndani ya public_html badala ya kuachia wazi folda ya public peke yake.

Folda ya vendor, inamokaa Laravel yenyewe na vifurushi vyake, nayo iwe haijaguswa. Leseni ya MIT ya Laravel inaruhusu kubadilisha utakacho, lakini mabadiliko yaliyofanywa humo hufutika toleo jipya la kifurushi husika likishushwa, na huwezi kumlaumu Composer, chombo kinachovishusha vifurushi hivyo. Viungo vya zamani, kama ada.php?id=17, viendelee kufika panapostahili; wazazi wameshavihifadhi kwenye simu zao.

Mwisho mwombe fundi orodha ya faili alizofuta. Wengi hujivunia walichoongeza, na swali hili huwakuta hawana jibu. Ukurasa wa risiti ukishahamishwa, risiti.php ya zamani haina kazi tena. Ikiwa bado inafunguka na bado inaandika kwenye jedwali la ada, shule ina milango miwili ya fedha, na ule wa zamani haupiti kwenye ukaguzi wowote uliowekwa upande wa Laravel.