Mlinzi wa Mabegi

Fungua mwongozo wowote wa kitabu teule, hii tunayonunua kwa ajili ya KCSE, uende kwenye sehemu ya maudhui. Utakuta orodha: ufisadi, ukabila, ulemavu, ulevi, usaliti. Ulemavu umebanwa hapo katikati kana kwamba nao ni tabia mbaya ambayo mwandishi anatuonya tuiache. Najua ni alfabeti tu. Lakini alfabeti haikumlazimisha mtu kuuweka ulemavu kwenye orodha ya matatizo ya jamii. Ungeweza kutajwa kwenye sehemu ya wahusika, ambako ndiko watu hukaa.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kibinafsi. Nimekulia Kikambala, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, na natembea kwa magongo tangu utotoni. Watu wakisikia kwamba shule inabagua watoto wenye ulemavu, hufikiria lango limefungwa na mama anarudishwa nyumbani na mtoto mgongoni. Hilo lipo, na lina waathiriwa wengi. Mimi sikufungiwa lango. Niliingia, nikapewa dawati, halafu nikapewa na kazi: kipindi cha michezo kikifika wenzangu wanatoka mbio kwenda uwanjani, mimi nabaki chini ya mwarobaini nikilinda mabegi. Mabegi arobaini na kitu. Hata siku ya ziara ya Fort Jesus nilibaki, ingawa siku hiyo mabegi hayakuwepo ya kulinda. Choo kilikuwa cha shimo, sakafu imelowa kila wakati, gongo linateleza. Kwa hiyo nilijifunza kutokunywa maji asubuhi. Shule hiyo siitaji. Hakuna aliyenitukana pale, na walimu wawili watatu walinipenda kweli.

Sasa, siku moja tulikuwa tunasoma methali. Mwalimu akaandika ubaoni: Hujafa hujaumbika. Kabla hajaeleza maana, darasa zima lilikuwa limeshageuka kuniangalia. Methali ilikuwa imepata picha yake.

Nimeifikiria sana methali ile, na dada yake mkali zaidi, Mcheka kilema hafi bila kumfika. Tunafundishwa kwamba zinamtetea mwenye ulemavu. Hebu zisome tena polepole. Zinaongea na nani? Zinaongea na anayecheka. Zinamwambia: jihadhari, yasije yakakupata. Huyu anayechekwa haambiwi lolote wala haulizwi. Yupo kama onyo tu, kama kibao cha barabarani kinachoonyesha kona mbaya mbele. Heshima inayotoka hapo ni ya woga, na woga ukiisha heshima nayo inaondoka.

(Kwa watu wa Kikambala methali hiyo ina uzito wa pekee, siwezi kukataa. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililojaa mabomu lililipuliwa katika hoteli ya Paradise, wakauawa Waisraeli na Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wanakaribisha wageni, na makumi ya watu wakajeruhiwa. Wazee wakisema hujafa hujaumbika huku kwetu wanamaanisha asubuhi moja, siku ya Alhamisi. Kwao methali hii ni kumbukumbu. Kwetu darasani ilikuwa fimbo ya kuelekezea.)

Kuna wanaosema ubaguzi umo ndani ya lugha yenyewe. Hoja yao mmeisikia: kiziwi, kipofu, kiwete, kichaa, zote zimewekwa ngeli moja na kiatu na kijiko, kwa hiyo Kiswahili kimetufanya vitu. Hoja inavutia, inapata makofi kwenye makongamano, ila mimi hainiridhishi. Kiongozi naye yumo humo, na kijana, na kinyozi. Tena ukimtaja kipofu katika sentensi huwezi kusema kipofu kimekuja. Utasema amekuja, yaani sarufi inampokonya kiatu na kumrudishia utu palepale. Kama kuna kosa, mimi nalitafuta midomoni. Liko pale jina la hali linapokalia kiti cha jina la mtu. "Yule kiwete aje." "Hawa ni watoto wa yuniti." Shule nyingi za kawaida zina kitengo maalum kwa wanafunzi wenye ulemavu, na neno yuniti lilikuwa la ofisini tu, halina ubaya. Likitoka ofisini hadi uwanjani huwa tusi kamili. Mtoto akikosa jibu la hesabu wenzake wanamwambia aende yuniti.

Waandishi wa Katiba ya 2010 walilijua hili. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii, haki ya lugha ya ishara na Breli, lakini kabla ya hayo yote kinataja haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kutajwa! Sheria mama ya nchi imeingia kwenye kazi ya mhakiki wa fasihi. Tangu hapo tumepata na sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hiyo nadhani ni haki kuuliza: vitabu ambavyo serikali hiyohiyo inaviteua, inavitahini na kutulazimisha kuvikariri, vinatutajaje?

Nianze na ninachokipenda. Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kilitahiniwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, na kizazi chetu kimekinukuu hadi kwenye harusi. Nyumbani kwa Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wamo watoto wenye ulemavu. Imani anafika kufanya kazi pale, na kwa jinsi anavyowatunza tunajua kwamba Imani ni mtu mwema. Dora anavyolemewa nao, tunajua Dora ana udhaifu wake. Baba anavyowaonea haya, tunajua Majisifu ni mtu wa namna gani, huyu aliyeiba mswada wa mwenzake akajiita mwandishi. Umeona mchezo? Kila mtu mzima ndani ya nyumba ile anapimwa kwa watoto hao. Wao wenyewe hawampimi mtu. Hatujui nani kati yao mchokozi, nani anapenda wali wa nazi, nani anamchukia ndugu yake. Walibora, ambaye angeweza kumpa hata mpita njia usemi wa kukumbukwa, hapa amewaacha chini ya mwarobaini na kuwawekea mabegi ya wengine: wema wa Imani, uchungu wa Dora, aibu ya Majisifu.

Na tazama kejeli ambayo sijaona mwongozo ukiigusa. Majisifu ni mwalimu. Riwaya ina mwalimu na ina watoto wenye ulemavu chini ya paa moja, na bado tunawaona watoto hao wakiwa mikononi mwa mlezi, si mbele ya ubao. Swali la shule lilikuwa limelala mezani kwao kila jioni. Mimi ningemuuliza Walibora kuhusu hilo kama angekuwapo. Sidhani angekasirika, alikuwa mwalimu naye.

Kitabu cha pili ni cha Kiingereza, lakini ndicho kilicho mikobani mwa wanafunzi wa kidato cha nne sasa hivi: A Silent Song and Other Stories, kilichohaririwa na Godwin Siundu. Hadithi inayokipa jina ni ya Leonard Kibera, yule ambaye mwaka 1968 alitoa Potent Ash pamoja na ndugu yake Samuel Kahiga. Mbane haoni na hawezi kutembea. Ameishi mitaani akiombaomba, hadi ndugu yake Ezekiel, mhubiri, anapomtoa mjini na kumlaza kibandani kwake. Ezekiel anataka kusikia kama Mbane ameiona nuru. Anamuuliza mtu asiyeona, wala hasikii alichokisema.

Hapa nasimama nimpigie Kibera saluti. Mbane ana kichwa. Tumo ndani yake, tunasikia jiji kwa masikio yake, tunajua anachokumbuka na anachokidharau. Anamsikiliza Ezekiel na anampima. Kwa mara moja begi limerudishwa kwa mwenyewe. Lakini hadithi inaishia kwa dawa anayopewa na Ezekiel, na kwa kifo. Nenda kwenye makundi ya wanafunzi mtandaoni utakuta wanabishana: Ezekiel ameua, hajaua, alimhurumia, ni dhambi, si dhambi. Ubishi mtamu. Wote wanamjadili Ezekiel. Mbane alitaka nini? Huyo ambaye mwandishi alijitaabisha kutuingiza fikirani mwake tunamwacha kitandani, tunatoka nje na mwenye dawa kwenda kumjadili. Simlaumu Kibera kwa hilo. Ni usomaji wetu, tuliofundishwa na maswali ya aina ya "jadili jinsi jamii inavyowatendea walemavu", ambamo jamii ni mtendaji daima na sisi ni shamirisho.

Fikiria basi mwanafunzi anayeingia darasani kwa kiti cha magurudumu, akasomeshwa kwa muhula mzima hadithi ambayo mtu mwenye mwili kama wake anapumzishwa kwa kufa, halafu akaulizwa alama ishirini kuhusu huruma ya aliyempa dawa. Sisemi hadithi iondolewe. Ni nzuri mno kuondolewa. Ninachosema ni kwamba ikiwa peke yake rafuni, inafanya kazi ambayo Kibera hakuituma.

Na si kwamba masimulizi mengine hakuna. Mwaka 2018 Joseph Gona, Charles Newton, Sally Hartley na Karen Bunning walichapisha utafiti uliofanyika hukuhuku Kilifi, ambamo watu wenye ulemavu walikaa mbele ya vikundi vya jamii na kusimulia maisha yao wenyewe, watafiti wakifuatilia kama mitazamo ya wasikilizaji itaguswa. Wao ni watu wa afya, si wa fasihi, na ripoti yao imeandikwa kama ripoti. Lakini fikiria tukio lenyewe: msimulizi yupo, anapumua, anaweza kukatiza swali la kijinga, anaweza kuchekesha kwanza kabla hajaliza. Huwezi kumgeuka kumwangalia kama picha ya methali wakati yeye ndiye anayeitoa methali. Hicho ndicho kitabu ninachokitaka, na wenye kukiandika wako Mtwapa, Kanamai, Vipingo, wanasubiri bodaboda kama mimi.

Binamu yangu yuko kidato cha nne. Wikendi huja kwetu tusome pamoja, yeye na viazi karai vyake vya barabarani, mimi na kalamu nyekundu. Juzi tulikuwa kwa Mbane. Nilikuwa nimeandaa maswali yangu kuhusu Ezekiel, kama kawaida ya mtihani, naye akanikatiza huku akilamba pilipili kidoleni.

"Dada, kwani huyu Mbane shule aliachia darasa la ngapi?"

Nikamwambia swali hilo halitoki kwenye mtihani. Akasema yeye hakuuliza kama linatoka. Basi tukarudi ukurasa wa kwanza, tukaanza kutafuta.