Anajua Pa Kusimamisha

Kuwawekea wanafunzi hotuba iliyorekodiwa ni jambo jepesi: simu, spika ndogo, basi. Kazi ipo kwenye kuisimamisha. Nimekaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja wa Kiswahili, Kidato cha Tatu, ambaye ustadi wake naona umekusanyika kwenye kidole gumba kinachosubiri juu ya kioo cha simu, na sichoki kumtazama.

Hotuba anayoipenda ni ile ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, aliyowahutubia wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Watoto wetu wanaijua kwa vipande, maana huisikia kila ifikapo Oktoba 14, siku ya kumkumbuka. Ugumu uko hapo hapo: kilichozoeleka masikioni hakisikilizwi tena. Kwa hiyo mara ya kwanza hataki daftari wala kalamu. Wakishasikiliza hawaulizi ujumbe wa hotuba ni nini, swali ambalo wanafunzi hulijibu hata kama hawakusikiliza. Anauliza, "Mmesikia sauti za nani?" Ya Mwalimu, anasema mmoja. Kimya. Mwalimu wao hakimbilii kukijaza. Mwishowe sauti inatoka dirishani: "Na za wanaopiga makofi, Madam." Tangu hapo wazee wale wamo darasani, na hotuba imepata watu wa kuambiwa.

Mara ya pili anagawa karatasi yenye maneno ya kipande kifupi, bila nukta wala mkato hata mmoja. Alama wataziweka wenyewe wakiifuata sauti: mkwaju mmoja kwa pumzi fupi, miwili kwa kituo kirefu, duara pale makofi yanapoanza. Sijaona zoezi la kusikiliza linalolishinda hili. Wawili waliokaa dawati moja wanatofautiana, mmoja kaweka mkwaju, mwenzake kaweka miwili, na kabla ya kuambiwa chochote wanaomba irudiwe. Anairudisha sekunde chache tu, mara nyingi kadiri wanavyotaka.

Kipande chenyewe ni kile cha uwezo, sababu na nia. Anasimamisha baada ya sentensi ya kwanza, "Uwezo wa kumpiga tunao." "Kitenzi kiko wapi?" Mwishoni. Ya pili? Mwishoni tena. Anamwomba kijana mmoja aiseme ile ya kwanza kwa mpangilio wa kawaida, tuna uwezo wa kumpiga, na darasa zima linasikia nguvu ilivyopungua ilhali maana haijabadilika. Halafu anauliza jina la adui limetajwa wapi ndani ya sentensi hizo tatu. Wanatafuta. Halimo, kuna -m- tu, na ukumbi mzima ulijua ni nani.

Msomi wa Uingereza Max Atkinson alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 jinsi mambo yanayopangwa matatu matatu yanavyowaandaa wasikilizaji kupiga makofi. Madam anaifahamu hoja hiyo lakini haianzi nayo. Anasubiri maduara yaonekane kwenye karatasi zao kwanza, nadharia ije kukipa jina kitu walichokwisha kukishika. Subira ya namna hii ni adimu, hasa mtihani wa taifa unapokaribia.

Mjadala una sharti moja: anayedai aonyeshe amesikia wapi. "Tu" ya tunao ni nani? Serikali, anasema mmoja. Jeshi, anapinga mwingine. Msichana wa mbele anashikilia kuwa ni wale wazee, kwa sababu makofi ni jibu lao. "Wapi?" anaulizwa, na simu inacheza tena. Kisha linakuja swali zito kuliko yote: gharama ya vita imetajwa wapi? Kampala ilitekwa Aprili 1979, na Tanzania ikabaki na uchumi ulioumia kwa miaka. Anawaacha wabishane kama kiongozi anayeita watu vitani anapaswa kuitaja gharama siku ile ile. Yeye haegemei upande, na wanafunzi wanajua hawatapata alama kwa kubahatisha anachopenda.

Kazi ya nyumbani ni kurekodi, kwa ruhusa ya msemaji, dakika tatu za hotuba ya karibu: diwani, shehe, mchungaji, mjomba kwenye harusi. Anakataa rekodi isiyo na sauti ya wasikilizaji.