Hongera, Barabara ya Taifa Namba 1

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, kilomita zipatazo 120, unavuka daraja la Lufira bila hata kugeuza shingo. Septemba 1961, hapo hapo, msafara wa Umoja wa Mataifa ulizuiwa, ukashindwa kuwafikia wanajeshi wa Ireland waliozingirwa mjini Likasi, enzi hizo ukiitwa Jadotville. Leo shaba na kobalti ya Kolwezi hupita Likasi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na unga wa mahindi wa Zambia hupanda kwa lami hiyo hiyo. Wajenzi, hongera. Ila pongezi zangu kubwa ni kwa wanaoziba mashimo juani, malori yakiwapulizia vumbi, kando yao magunia ya makala (makaa) yakingoja wanunuzi. Ushuru wa barabara uwafikie hao kwanza.