"Ni i7, mukubwa!": Namna tunavyosoma mashini vibaya

Leo nachambua aina ya maandishi ambayo hatuna kawaida ya kuyachambua: zile orodha za "namna ya kujenga mashini ya nyumbani" zinazotembea katika makundi yetu ya WhatsApp, kutoka Butembo mpaka Beni, kutoka Beni mpaka huku kwetu. Tunachambua vitabu, tunachambua hotuba za wanasiasa, lakini orodha inayomfanya mzazi auze mifuko ya kakao tunaipokea kama Injili. Mimi niko mtoto wa Kamango. Kwetu dolari 300 ni jasho la msimu. Maandishi yanayoamua dolari hizo zitakwenda wapi inafaa tuyasome kwa ukali.

Orodha hizo karibu zote ziko na umbo moja. Mstari wa kwanza ni prosesere: i5 au i7. Wa pili ni karte ya michezo. Wa tatu ni ramu, "8 giga au zaidi", basi. Kisha diski, sanduku lenye taa za rangi, na mwisho kabisa alimentasio, kama mgeni aliyechelewa kwenye sherehe. Ukifika dukani, muuzaji naye anafunga mjadala kwa neno moja: "Ni i7, mukubwa!" Na sisi wenye diploma tunanyamaza, tunahesabu franga.

Niseme kwanza wema wa orodha hizi, ju si haki kupiga tu. Zimetufundisha kwamba mashini inafunguliwa, kwamba ni vipande, na kila kipande kiko na jina na kinaweza kubadilishwa. Mwanafunzi aliyefungua sanduku lake mwenyewe mara moja hadanganyiki tena kirahisi na fundi anayesema "karte-mere imekufa" wakati ni vumbi tu kwenye barete ya ramu. Hilo ni jambo kubwa. Shida yangu ni mpangilio: kinachowekwa mbele, kinachowekwa nyuma, na kile ambacho hakiandikwi kabisa.

Tuanze na hiyo i7. Kusema i7 bila kusema kizazi ni kama kusema "huyu ana lisansi" bila kusema lisansi ya nini na ya mwaka gani. Prosesere ya Intel i7-2600 ilitoka mwaka 2011: viini vinne, nyuzi nane za kazi, wati 95. Ile i3-10100 ilitoka 2020: viini vinne pia, nyuzi nane pia, wati 65, na inafanya kazi haraka kuliko yule mzee. Yaani i3 "ndogo" inaipita i7 "kubwa", tena inakula umeme kidogo. Siri iko kwenye namba inayofuata kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 ni cha 8, 10100 ni cha 10. Muuzaji anayetaja i7 na kuficha namba hiyo hajakwambia kitu.

Namba hiyo iko na matokeo. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya bure na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inadai kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na kile kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ukinunua i7 ya kizazi cha 2 leo, umenunua mashini ambayo Windows ya sasa haiitambui rasmi. Si kusema uitupe. Ukiweka Linux Mint na LibreOffice itaandika kazi zako vizuri kabisa. Lakini ununue ukijua, na kwa bei ya kitu cha zamani.

Sasa tuje kwenye ramu, mahali orodha zinakosea zaidi kwa kunyamaza. Kwetu neno "memware" liko na maana mbili: ile kazi ya mwisho wa masomo, na ile ya ndani ya mashini. Na mara nyingi ya kwanza inacheleweshwa na ya pili. Fikiria kakao. Diski ni depo ambamo mifuko inalala. Ramu ni turubai unayoanikia. Prosesere ni mtu anayegeuza mbegu. Ukimleta mgeuzaji mwenye mikono ya haraka kuliko wote wa Watalinga, lakini turubai ni ndogo, kazi yake itakuwa paka kutoa na kurudisha, kutoa na kurudisha. Njo ile hali unafungua Word, fayiri tatu za PDF na kurasa kumi za intaneti, halafu mashini inanuna.

Orodha inasema "8 giga au zaidi". Za kazi gani? Kwa kuandika, kusoma PDF na kutafuta kwenye intaneti, 8 zinatosha leo. Ukifanya ramani kwa QGIS, ukichezea data nyingi au kukata video, lenga 16. Giga 4 ni za mtu mwenye Linux na subira. Na kama mashini haina karte ya picha ya peke yake, hiyo picha inakopa sehemu ya ramu yako, kwa hiyo 8 zilizoandikwa si zote zako.

Halafu kuna aina, na hapa ukimya unaumiza. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5, na hazibadilishani. Kila moja iko na mkato mahali pake, ili isiingie kwenye karte-mere isiyo yake. Ukiona inakataa kuingia, usisukume; imekwambia ukweli. Tena kuna barete ndefu za mashini ya mezani na zile fupi za laptopu. Mtu wa Butembo akinunua barete mbaya, kesho anarudi dukani kwa moto (pikipiki). Sisi wa Kamango barabara si ya kuchezea. Kosa la aina ya ramu linaweza kukugharimu usafiri zaidi ya barete yenyewe, kuacha hatari za njiani. Basi kabla ya kutoka nyumbani, toa barete iliyomo, soma karatasi yake, piga picha, nenda na picha.

Mambo mawili tena ambayo sijawahi kuyaona kwenye orodha hizi. La kwanza: barete mbili za giga 4 zinafanya kazi pamoja kama njia mbili, hivi zinapitisha data haraka kuliko moja ya 8, sana sana kwenye mashini isiyo na karte ya picha. Lakini kama karte-mere iko na nafasi mbili tu, umeijaza. Kesho ukitaka 16 utatoa zote mbili. Mwenye franga kidogo leo na matumaini ya kesho achukue moja ya 8, aache nafasi wazi. La pili: ukiwekewa Windows ya biti 32, hata kama kuna giga 8 ndani, itatumia zisizozidi 4. Kuna mtu anaweza kulalamikia ramu mwaka mzima, kumbe ugonjwa uko kwenye Windows aliyowekewa.

Na ile shauri ya zamani, "anza na kidogo, utaongeza baadaye", inahitaji kupimwa upya. Mwishoni mwa 2025 bei ya ramu duniani ilipanda kwa nguvu, kwa sababu viwanda vinaelekeza memware kwenye mashini kubwa za akili bandia. Ramu karibu yote ya dunia inatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Mnamo Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza kwa watu wa kawaida zile barete zake za jina la Crucial. Tantali ya koltani ya Masisi inaingia katika vipande vidogo vya mashini za dunia, lakini bei haiulizwi Masisi. Kwetu maana yake ni hii: ukipata mashini ya okazioni yenye ramu ya kutosha tayari ndani, hiyo ramu ni sehemu kubwa ya thamani. Usiidharau ukikimbilia jina la prosesere.

Diski nitaisema kwa ufupi. Ukiwa na dolari za mwisho za kuchagua kati ya prosesere ya juu na SSD, chukua SSD. Diski ya kuzunguka inasoma labda megabaiti 100 au 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 500, na kwenye fayiri ndogondogo tofauti ni kubwa zaidi. Tena haina sahani inayozunguka, hivi haiogopi barabara zetu.

Sasa mstari ambao orodha zinauweka mwisho: umeme. Orodha zimetafsiriwa kutoka kwa watu ambao soketi yao haikatiki. Huku kwetu wengi tunaishi kwa sola au jenereta, kwa hiyo hesabu inaanzia juu ya bati. Chukua paneli moja ya wati 100. Ikipata jua zuri la saa nne au tano, inatoa wati-saa 400 mpaka 500. Ukiondoa zinazopotea kwenye betri na ondulere, tuseme zinabaki 300. Mashini ya mezani pamoja na ekrani, zikila wati 80, zinakupa saa tatu na dakika 45. Laptopu inayokula wati 25 inakupa saa 12. Karte ya michezo ile ya mstari wa pili inaweza kula wati 150 peke yake ikifanya kazi kwa nguvu. Mwenye orodha hajawahi kuuliza betri ya baba yako.

Na alimentasio si mgeni wa mwisho, njo inayolinda wengine wote. Angalia nyuma ya sanduku: baadhi ziko na kibonyezo chekundu cha 115 na 230. Ikitoka Marekani imewekwa 115, ukaichomeka kwenye 220 yetu, kuna mlio mmoja halafu harufu. Na mashini nyingi ndogo za ofisi zinazoletwa za okazioni, alimentasio yake si ya kipimo cha kawaida. Ikikufa hutapata nyingine kwenye kila duka.

Bado kuna swali ambalo halimo katika orodha hata moja, na mimi siwezi kuliacha. Ukikimbia, unabeba nini? Julai 2013 Kamango ilishambuliwa, na watu zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Bundibugyo, Uganda. Hatujasahau, na miaka iliyofuata haikutupa ruhusa ya kusahau. Sanduku la kilo nane lenye taa za rangi halivuki mto Lamia kichwani mwa mtu anayeshika watoto. Kazi yako ya miaka mitano isiwe ndani ya kitu usichoweza kubeba. Ukijenga mashini kubwa, basi diski yake iwe rahisi kutoa, na nakala ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine.

Utaniambia: "Basi nunua laptopu, maneno yaishe." Ni jibu la nguvu, kwa umeme na kwa kukimbia linashinda. Lakini laptopu nyingi za sasa ziko na ramu iliyochomelewa kabisa, haiongezwi. Na ekrani ikivunjika, bei ya kuitengeneza inakaribia ya kununua nyingine. Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo orodha zinaidharau kwa sababu haipendezi kwenye picha: vile visanduku vidogo vya ofisi, ThinkCentre Tiny ya Lenovo, EliteDesk Mini ya HP, OptiPlex Micro ya Dell. Kilo moja na kidogo, inaingia kwenye mfuko wa shule. Inatumia adapta kama ya laptopu na barete fupi za laptopu zinazotolewa na kubadilishwa, na kwa kazi ya kuandika haili umeme mwingi. Haichezi michezo mikubwa. Lakini memware itaandikwa, na mwaka ujao utaongeza ramu mwenyewe.

Kwa hiyo orodha yangu inageuzwa juu chini. Kwanza kazi unayofanya. Pili umeme ulio nao kwa siku. Tatu ramu: aina yake, kiasi, nafasi zilizobaki. Nne SSD na nakala. Tano prosesere, kwa kizazi chake. Taa za rangi utanunua ukipata kazi serikalini na mshahara ukatoka.

Na kabla ya kutoa franga, mwambie muuzaji awashe mashini mbele yako. Soma kizazi cha prosesere, soma ramu inayotambuliwa, acha MemTest86 ipime barete wakati unakunywa chai, mzunguko mmoja mzima. Akikuharakisha, akikwambia tena "ni i7, mukubwa", mjibu kwa heshima: "Aksanti, mukubwa. Ya mwaka gani?" Kisha usubiri jibu.