Mataruma

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa muundo wa riwaya, hujibu kabla swali halijaisha: "Mwandishi ametumia muundo wa moja kwa moja, yaani msago." Hapo kapata alama yake. Mwulize sasa kwa nini mwandishi hakuanzia katikati, atakukodolea macho kama abiria aliyedaiwa nauli mara mbili.

Nimefundisha fani na maudhui miaka mingi, na jibu hilo nimelizaa mwenyewe. Kwenye ushairi ndiyo usiseme. Tangu Kaluta Amri Abedi atuwekee sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954, tumezishika zile za kuhesabika: ukwapi mizani nane, utao mizani nane, vidole vikifika kumi na sita kazi imekwisha. Kwamba shairi lina mahali linapogeuka, na kwamba limegeuzwa pale makusudi, hilo halihesabiki, basi tunaliruka.

Kilichonizindua ni kisiwa cha Chole, kule Mafia. Tulivuka kutoka Utende, mimi na darasa, kwenda kuona magofu na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa mitini. Kabla ya magofu tukakuta mashua inaundwa. Fundi hakuwa na mchoro. Alikuwa na tezo, keeke, kipande cha uzi na jicho lake. Mkuku umelala juu ya magogo, hanamu mbele, fashini nyuma, mataruma yamesimama wazi kama miiba ya samaki aliyekwisha kuliwa.

Kijana mmoja akaonyesha gogo lililochongwa tundu, limekaa juu ya mkuku.

"Hilo la nini, babu?"

"Mastamu. Hapo utasimama mlingoti."

"Na mlingoti wenyewe uko wapi?"

"Bado ni mti."

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesikia somo la muhula mzima. Hadithi nzuri huchonga tundu mapema, kwa ajili ya kitu ambacho msomaji bado hajakiona. Msomaji hulipita bila kulitilia maanani. Mlingoti ukishasimama ndipo anapojua kwamba mahali pake palikuwa tayari siku nyingi.

Tuliporudi darasani niliandika habari fupi ya Chole, nikaikata kwa mkasi aya kwa aya, nikavigawa vipande kwa makundi matatu, kila kundi na nakala yake kamili. Kipande kimoja kilieleza magofu ya leo, mizizi ya mitini imekumbatia kuta. Kingine, Wajerumani kuitwaa Mafia mwaka 1890 na kuweka makao yao Chole. Kingine, kwamba meli kubwa zilihitaji maji ya kina. Kingine, serikali kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Na kimoja cha popo.

Kundi la kwanza lilipanga kwa miaka. Msago huo, na safari hii niliwataka wautetee. La pili lilianza na magofu. "Mtu akiona nyumba imeliwa na mti atauliza wenyewe walikwenda wapi," binti mmoja akaeleza, "ndipo tunamrudisha nyuma." Neno rejea hakulitaja. Sikumkumbusha.

Kundi la tatu liligombana hasa. Mmoja alitaka kutupa kipande cha kina cha maji, ati ni maelezo tu. Mwenzake akakificha nyuma ya karatasi, akasoma habari iliyobaki: wako Chole, kisha wako Kilindoni. "Sasa wamehama kwa nini? Inavuja!" Wakakirudisha, wakabishana kikae kabla ya kuhama au baada. Walioshinda walikiweka mwisho kabisa, ili msomaji ashangae kwanza, kisha agundue kwamba jina Kilindoni lenyewe lina kilindi ndani. Ningeandika mimi, nisingefikiria hivyo.

Wakati huo sikuwa nafundisha tena. Nilikuwa natembea kati ya madawati kama mtu anayekagua kalafati, nikigonga hapa na pale.

Makundi yote matatu yalibakiza kipande kimoja mezani: cha popo. Nacho ndicho nilichokiandika kwa mapenzi, na tashbihi mbili ndani yake. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mbona hiki kimeachwa.

"Mwalimu," binti yule akasema, "hicho si taruma. Hicho abiria."