Midomo ya Wathai na herufi za Kilatini

Katika Thailandi, nchi iliyoitwa zamani Siam, majina ya barabarani huandikwa mara mbili: kwa herufi za kwao, tena kwa herufi za Kilatini. Kanuni ya maandiko haya ya pili ilitolewa na Taasisi ya Kifalme mwaka 1999. Nataka kuipima kwa sauti za midomo.

Sisi husema b na p, basi. Mthai anazo tatu: b, p kavu, na p yenye pumzi, ambayo kanuni huiandika ph. Weka kiganja mbele ya kinywa, ile ya tatu utaisikia mkononi. Ba ni mwenye wazimu, pa ni dada mkubwa wa baba au wa mama, pha ni kitambaa. Vokali moja, toni moja. Midomo na pumzi tu ndiyo hutenga maneno. Waswahili wa pwani hawatashangaa: kwao paa la nyumba halina pumzi, paa mnyama anayo, ingawa tahajia yetu haionyeshi. Hapa Wathai wametushinda.

Mwishoni mwa neno midomo hufunga bila kufunguka, na b, p na ph za maandiko yao zote huwa p moja. Kanuni yaandika p, sawasawa.

Wageni wengine wakiona ph husoma f, na Phuket inakuwa Fuket. Kanuni haina kosa. Mgeni ajifunze.

Lawama yangu ni nyingine. Kithai kina toni tano, na kanuni haiandiki hata moja, wala urefu wa vokali. Ma ni kuja, ma ni farasi, ma ni mbwa! Wajuao Kilingala wanaifahamu shida hii: moto bila alama ni mtu, au kichwa, au moto wenyewe. Mtetezi atasema, ni vibao vya barabara, si kitabu cha shule. Kwa kibao nakubali. Lakini mwanafunzi akiishika, imempoteza. Tena pumzi iliyohesabiwa katika p, t na k, mbona imesahauliwa katika ch? Sauti mbili zimetiwa katika ch moja. Huko si kurahisisha, ni kuacha kazi katikati.

Na majina ya watu hayafuati kanuni sikuzote. Mfalme aliyefariki mwaka 2016 aliandikwa Bhumibol, kwa asili ya Kisanskriti. Kumbe kinywani mwa Wathai ni Phumiphon.