Ulitazama Mechi?

Usiku wa Aprili 5, 2024 nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza mtaani kwetu, Dar es Salaam, nikiomba Yanga watolewe. Mimi ni Simba, na mtani haombewi mema hata akiwa ugenini. Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza, kwa Mkapa, ilikuwa imeisha 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti kutoka nje ya boksi. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Mwamuzi akaacha mchezo uendelee, wala hakwenda mwenyewe kutazama skrini ya VAR. Mechi ikaisha 0-0 tena, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2.

Simba nao usiku huohuo walitolewa na Al Ahly kule Cairo, lakini mtaani kwetu mjadala haukuwa huo. Mjadala ulikuwa: mpira ulivuka mstari au haukuvuka? Muda mfupi tu baada ya shuti lile, kipande cha video kilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Mzee mmoja wa Yanga, ambaye kwa kawaida hatupi sisi vijana wa Simba hata nafasi ya kuvuta pumzi, alinisogezea simu yake, picha ikiwa imesimamishwa.

"Mwanangu, wewe si wa kwetu. Hebu sema unachokiona."

Nikatazama. Niliona mstari mweupe, niliona mpira, na katikati yake niliona kama majani. "Mzee, mimi naona goli." Wenzangu wakaniita msaliti. Mmoja akasema kamera haikuwa imenyooka na mstari, kwa hiyo jicho linadanganywa. Mwingine akatukumbusha sheria: mpira wote lazima uvuke mstari wote, nusu haihesabiki. Mwingine akataka tuirudishe video taratibu. Tulikaa pale mpaka mwenye kibanda akaanza kukusanya viti, watu ambao wengi wetu hatujawahi kukaa darasa la mantiki, tukipima ushahidi, tukipima mahali kamera ilipowekwa, tukirejea sheria.

Nimeukumbuka usiku ule mara nyingi kwa sababu ya lawama moja ambayo nami nimeitoa sana. Wasomi wetu, na sisi tunaotaka kuonekana wasomi, tunapenda kusema kwamba Watanzania wanajadili habari na siasa kama Simba na Yanga. Tunamaanisha kwamba wanashabikia na hawafikiri. Siku hizi naona lawama hiyo inauonea mpira. Laiti tungejadili habari kama tulivyojadili shuti la Aziz Ki.

Maoni ya msomaji wa kawaida ni aina ya uandishi, tena pengine ndiyo inayoandikwa kuliko zote katika Kiswahili cha leo. Yanaandikwa kwa kidole gumba, ndani ya daladala au kwenye foleni ya benki, bila mhariri na bila malipo. Tunahakiki riwaya na mashairi ambayo watu mia tano wameyasoma, huku tukiiacha aina hii ambayo sote tumo ndani yake, kama waandishi na kama wasomaji. Ukiisoma kwa makini, utaona kwamba maoni kuhusu mpira na maoni kuhusu habari, hata yakiandikwa na mtu yuleyule asubuhi ileile, ni maandishi mawili tofauti kabisa.

Anayeandika kuhusu mpira anajua kwamba wasomaji wake walitazama alichokitazama yeye. Akisema beki fulani alilala, ataulizwa dakika ya ngapi. Akizidisha chumvi, kuna mtu atamwekea video. Swali linalomsubiri kila mmoja ni moja: "Ulitazama mechi?" Ukisema hukutazama, unarudi nyuma, unaacha wenye mechi yao waendelee. Pili, mpira una kumbukumbu. Ukijitapa Ijumaa kwamba mtani anakula tano, Jumatatu maneno yako yatakusubiri mlangoni. Yule mzee hukumbuka mwaka 1968, Yanga 5, Sunderland 0, kabla hata hatujaanza kuitwa Simba. Nami humjibu kwa 1977, sita bila, halafu 2012, tano bila. Hatugombani juu ya tarehe hizo. Tunagombana juu ya maana yake, na hapo ndipo ubishi wa maana huanzia. Tatu, tuna utani. Kesho nitakutana naye akinunua maandazi, nitamwamkia shikamoo, naye ataniitikia. Hakuna anayeweza kuandika kana kwamba mwenzake hatakuwepo kesho.

Sasa chukua habari. Tukio limeonwa na watu wanane, sisi wengine laki moja tumeona kichwa cha habari. Tabia hii haikuja na simu. Nimekua nikiona watu wamezunguka meza ya magazeti asubuhi, mikono nyuma, wakisoma kurasa za mbele bila kununua, na mjadala ukipamba moto kabla muuzaji hajapata hata mia. Simu imeichukua meza ile na kuitia mfukoni. Na kama ilivyokuwa mezani, kichwa cha habari ni bure, habari yenyewe inakula bando. Anayekulaumu kwa kutofungua habari mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuhesabu megabaiti zilizobaki kabla ya usiku kuisha.

Lakini siwezi kujificha nyuma ya bando. Miaka michache iliyopita ilinipitia habari ya muuguzi aliyetuhumiwa kumtelekeza mjamzito zamu ya usiku. Kulikuwa na picha ya jengo la hospitali na kichwa cha habari chenye neno "ukatili". Bando nilikuwa nalo. Niliandika maneno mawili: "Afungwe haraka." Watu wengi waliniunga mkono, na nakiri nilifurahi kila simu ilipotetemeka.

Siku ya pili nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja niliyesoma naye sekondari. Alikuwa amepiga picha ya skrini yenye jina langu na maneno yangu. Chini yake aliandika: "Huyu ni mama."

Nilimpigia. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja: "Ulisoma?" Nilinyamaza. Akaniambia nifungue nisome. Nikafungua. Aya ya sita ilisema muuguzi huyo alikuwa peke yake usiku ule, wodi mbili, na kwamba alipokuwa na mgonjwa mmoja ndipo wa pili alipozidiwa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo. Mwandishi alifanya kazi yake. Mimi, mtu ninayejiita msomaji, sikufika aya ya pili. Nilifuta maneno yangu, nikaomba radhi. Alisema, "Sawa." Kuna sawa za Kiswahili ambazo hazimaanishi sawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha maswali hayo mawili, ulitazama na ulisoma. La kwanza huulizwa na kila mtu, hata mtoto. La pili niliulizwa mara moja tu, na binti wa mtu niliyekwisha kumhukumu.

Sitaki kuupaka mpira mafuta. Novemba 5, 2023 Yanga walitufunga 5-1. Nilitazama mechi ile yote, dakika kwa dakika, na bado usiku niliandika kwamba wachezaji wetu wameuza. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na magoli matano na uchungu. Siku mbili baadaye kocha aliondolewa, nami nikaona kama madai yangu yamethibitishwa, ingawa kocha kuondolewa baada ya kipigo si ushahidi wa chochote isipokuwa kipigo. Kwa hiyo kuona hakutoshi. Mtu anaweza kuona kila kitu na bado akatunga, kwa sababu alichokiona hakiwezi kumezwa. Tofauti ni kwamba kwenye mpira palikuwa na wenzangu wa kunirudisha. Rafiki yangu wa Simba aliniuliza nani aliuza, aliuza goli la ngapi, na kwa nani. Sikuwa na jibu, nikaacha.

Halafu ikaja dabi isiyochezwa. Machi 8, 2025 Yanga walikuwa wenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakatangaza hawatacheza. Mechi ikaahirishwa, na haikuchezwa hadi Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Kwa zaidi ya miezi mitatu hapakuwa na mechi ya kutazama. Ningetarajia mjadala uoze, na kweli matusi hayakukosekana. Lakini niliona pia jambo ambalo sikuwahi kuliona: mafundi gereji, wapiga debe na wauza mitumba wakisoma kanuni za ligi. Je, kanuni inasema timu mgeni ana haki ya kufanya mazoezi uwanjani au anaruhusiwa tu? Akizuiwa, ana haki ya kugomea mechi, au anapaswa kucheza kwanza na kulalamika baadaye? Hiyo ni kazi ya wanasheria, na watu waliifanya wakiwa wamesimama juani. Walikuwa na sababu ya kusoma, maandishi yalikuwepo, na walijua kwamba mtani naye ameyasoma.

Hapo ndipo ninapoona tatizo letu lilipo. Kwenye habari, mara nyingi moja kati ya hivyo vitatu halipo. Wakati mwingine ni sisi tuliokosa sababu ya kusoma, kama mimi na yule muuguzi. Wakati mwingine maandishi yenyewe hayapo, au yapo na kuyasema kuna gharama. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni kunaweza kukufikisha mahakamani. Mtu asiyeweza kuthibitisha alichokisikia hubaki na njia mbili: kunyamaza, au kusema kwa mafumbo. Tumekuwa mafundi wa mafumbo. Tunaandika kuhusu "nyumba fulani" na "mwenye shamba", na wenye kuelewa wanaelewa. Nayapenda mafumbo, yamelea ushairi wetu. Lakini fumbo lina kasoro moja kama hoja: huwezi kuliuliza "ulitazama?" Ukilibana linakwambia lilikuwa linazungumzia shamba tu.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini. Ilikaa hivyo siku kadhaa. Watu waliuawa, na iliporudi, idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa. Siku zile nilikaa ndani nikipokea habari kwa mdomo, kutoka kwa jirani aliyesikia kwa jirani. Kila mtu alikuwa na idadi yake na mtaa wake. Sikuweza kumuuliza yeyote swali letu la kibandani, kwa sababu waliotazama walikuwa wachache, na wengine wao hawakuwa tena wa kuulizwa. Nilimkumbuka yule mzee na simu yake iliyosimamishwa picha. Kumsogezea mpinzani wako ushahidi na kumwambia aseme anachokiona ni heshima kubwa, na heshima hiyo inahitaji kuwe na picha.

Ndiyo maana siwezi tena kuwacheka watu kwa ushabiki. Shabiki aliyepewa picha, sheria na mtani wa kumjibu anafikiri vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika makala. Mnyang'anye hivyo, hata profesa atabaki na jezi tu.

Kwa upande wangu nimejiwekea sharti dogo: sisemi neno juu ya mtu kabla sijafika aya ya mwisho. Nimelivunja mara kadhaa. Wiki iliyopita nilishaandika sentensi nzima kuhusu dereva wa basi, nikaifuta, nikafungua habari, nikasoma, kisha nikaona sina la kusema. Haikuwa raha. Kidole kilikuwa kimeshajiandaa.

Yule dada bado hajanizoea kama zamani. Lakini ni Yanga, na ile 2-0 ya Juni ilipoisha, simu yangu ilitetemeka. Alikuwa yeye, baada ya kimya kirefu, kaandika neno moja: "Ulitazama?"

Nikamjibu ukweli. Nilitazama yote.